Goti la Shefu

Shefu Révérien, mkubwa wa mtaa wetu wa Jabe, alikuwa hakai. Kwa wiki tatu nzima watu wa Jabe walimwona akiongoza mikutano kwa kusimama, akinywa bia yake kwa kusimama, akisikiliza misa kwa kusimama hata pale padri alipowaambia waumini waketi, na wakaanza kumsifu. Walisema vita imemfanya awe macho. Walisema huyu ndiye kiongozi, hana muda wa kuweka makalio chini wakati nchi inaungua. Zubeda, ambaye alijua sababu, alizisikia sifa hizo sokoni na ikambidi ageukie pembeni ajifanye anachagua nyanya.

Ilikuwa bawasiri. Nalitaja neno hilo wazi kwa sababu Zubeda mwenyewe hakulitaja, na kutolitaja kwake ndiko kulikomponza.

Mwaka ulikuwa wa tisini na saba. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka ili wakubwa wetu washike adabu, na wakubwa wetu wakaendelea kunenepa huku famasi za mtaa wa Asiatique zikiuza vumbi la rafu zao. Kidonge kimoja cha aspirini kilikatwa nusu mbili na mgonjwa akaambiwa anywe kwa imani. Mtu aliyeumwa alikuwa na njia tatu: kwenda hospitali akiwa amebeba dawa zake mwenyewe, kumwomba Mungu, au kuzunguka nyuma ya nyumba ya Zubeda. Wengi walifanya yote matatu, na waliopona walimsifu Mungu.

Bustani yenyewe ilikuwa hatua kumi kwa nane, kati ya jiko na ukuta wa choo. Palikuwa na mubirizi, mchungu kuliko maneno ya wakwe, wa tumbo na wa homa. Palikuwa na muravumba wa kikohozi, mchaichai, shubiri ya vidonda, na mpera uliopinda ambao matunda yake yaliliwa na ndege na majani yake yakanywewa na wenye kuhara. Katikati, mrefu kupita kichwa cha Zubeda, ulisimama mmea wenye majani mapana yaliyo zambarau upande wa chini. Mama yake Zubeda aliuleta kutoka Ujiji, kijiti kimoja kilichofungwa katika kanga mbichi, na jina lake alilisahau njiani. Watu waliuita la Ujiji, basi.

Katika bustani hiyo zilikuwepo sheria mbili, zote za huyo mama. Ya kwanza, jani linaambiwa. Kabla hujachuma, unainama na kulitajia ugonjwa wako kwa sauti, kwa jina lake, bila kuzungukazunguka. Ya pili, dawa haishukuriwi. Ukisema asante umeifukuza, na unarudi siku ya kwanza. Ulipomuuliza Zubeda kwa nini, alijibu kwamba hajui, na kwamba daktari naye haulizwi kwa nini anaandika vibaya.

Usidhani alikuwa mtu wa kudanganya watu. Mama aliyemletea mtoto wa degedege alifukuzwa kwa ufagio mpaka barabarani, akaonyeshwa njia ya hospitali, na ufagio ukamsindikiza hadi kona. Zubeda alijua majani yanaweza nini na hayawezi nini, jambo ambalo wengi wenye digrii hawalijui kuhusu digrii zao.

Kuhusu mengine yote, mdomo wake haukuwa na breki. Ni Zubeda aliyewaambia Jabe nzima ni mchungaji gani anapaka nywele rangi, na nani alimwacha nani, na yule aliyeachwa alichukua sufuria zipi. Marehemu mumewe Amissi alikuwa akisema ameoa redio isiyotumia betri. Lakini aliyeingia kwa njia ya nyuma akiwa na ugonjwa, ugonjwa wake ulibaki huko nyuma. Miaka thelathini hakuwahi kuteleza hata mara moja, hata kwa watu aliowachukia, na aliowachukia hawakuwa wachache.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa nane, jua likiwaka kama kawaida ya kiangazi, shefu alipenya uchochoro wa nyuma akiwa amevaa koti la mvua. Alisimama mbele ya Zubeda, akaangalia mbingu, akaangalia ndala zake, akasema ana shida ndogo. Zubeda alimtazama anavyosimama, akamwongoza mpaka kwenye la Ujiji na kumwambia aliambie. Révérien aliinama kwa taabu na kunong'ona.

"Sauti, Shefu," Zubeda alisema. "Hili jani ni zee, halisikii vizuri."

Dawa ilikuwa majani arobaini yaliyochemshwa, yakaachwa yapoe kidogo, yakamwagwa ndani ya beseni kubwa. Mgonjwa anakaa ndani ya beseni hilo kila siku baada ya alasiri, siku saba mfululizo, bila kuruka. Akiruka moja anaanza upya. Révérien alikalishwa ndani ya bafu la mabati, na hapo tu, katika Jabe nzima, shefu alikaa.

Bahati mbaya bafu hilo lilipakana na chumba cha mpangaji wa Zubeda. Marguerite alitoka Bukavu mwaka uliopita, vita ya kule ilipomkimbiza aje kupumzika katika vita ya huku, na alifika na sufuria mbili, biblia na masikio mazuri sana. Siku ya kwanza alisikia maji. Siku ya pili alisikia mtu akishusha pumzi na kusema oyaa. Siku ya tatu alichungulia kwenye tundu la msumari, akaona koti la mvua limetundikwa, na hakuhitaji kuona zaidi.

Siku hiyo ya tatu, Alhamisi, ndiyo ilikuja na karatasi ya amri. Révérien aliisoma asubuhi mbele ya baa, akiwa amesimama bila shaka. Kwa kuwa washambuliaji hujificha vichakani, kila mmea unaozidi kimo cha goti, katika kila kiwanja, ukatwe Jumamosi kwa kazi ya pamoja, na mwanajeshi atakuja kusimamia. Watu waliitikia kwa vichwa. Waliokuwa wamekimbia Kamenge na kuacha nyumba zao zikiwa kuta tupu hawakuona cha kucheka. Wengine waliangaliana, wakijiuliza ni mshambuliaji wa umbo gani anayejificha nyuma ya mchaichai.

Alasiri, shefu alipokuwa ndani ya beseni, Zubeda alisimama nje ya bafu akaongea na mabati. Alimuuliza kama bustani yake nayo imo. Shefu alijibu kwamba amri imetoka juu. Zubeda akamwambia kwamba hata yeye yuko juu, ni mkubwa wa mtaa, kiwanja kimoja anaweza kukisahau. Maji yakagonga ukingo wa beseni.

"Wakiniuliza sababu ya kuacha yako tu, nitawaambia nini?"

"Uwaambie kweli."

Révérien aliinuka, akachukua koti lake. Alikuwa mtu mzuri kwa kiasi, wa aina ile inayokuwa nzuri pale ambapo hakuna anayeangalia, na alipotoka alipita haraka bila kumtazama usoni.

Ijumaa Marguerite alikuja na ungo wa maharage, akakaa karibu na Zubeda bila kukaribishwa. Alichambua kwa muda, akirundika mawe ukingoni mwa ungo, kisha akasema alilokuja kusema.

"Mama Zubeda, mi ningekuwa we, ningemuambia tu: Shefu, ukikata majani yangu, na mi nitasema ile iko inakusumbua. Ataogopa. Mutu anaogopa matako yake kuliko anavyoogopa Mungu."

"Nani amekwambia ana kitu?"

"Apana, hakuna mutu amesema. Lakini mabati ni mabati."

Zubeda alichukua ungo wake, akauinamisha, akamrudishia mawe yote katika maharage. Alimwambia kwamba akisikia neno hilo nje ya kiwanja hiki, yeye Marguerite atachukua sufuria zake mbili na masikio yake mawili atafute nyumba ya udongo. Kisha, kwa kuwa hasira ilikuwa imemwachia mlango wazi, akasema na la moyoni. Alisema anaogopa. Bila bustani yeye ni mjane mwenye mdomo tu, na Jabe inao wa kutosha. Alisema kile kijiti kilivuka ziwa kikiwa kifuani pa mama yake, na kwamba anasikia kama anaambiwa amzike mama yule mara ya pili.

"Njo sababu useme," Marguerite alisema, kwa upole sasa.

"Watu walikuja hapa kwa sababu sisemi. Nikisema la mmoja, nimesema ya wote."

Jumamosi walikuja watu kama thelathini na mapanga yao, karibu wote majirani, na karibu wote waliwahi kuinama katika bustani ile na kulitajia jani siri zao. Mbele alikuwa luteni kijana mwenye miwani myeusi na daftari. Révérien alisimama kando yake, miguu imeachana kidogo. Zubeda alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, shela imekazwa, akasubiri mpaka wote wakaingia.

"Karatasi imesema goti," alisema. "Goti la nani?"

Mapanga yalishuka. Luteni alifungua daftari, akageuza kurasa, akamwangalia shefu. Cirimwami, fundi mbao wa mtaa ule, ambaye ilimbidi ainame hata kuingia kanisani, alisogea mbele taratibu akakunja suruali yake na kuonyesha goti lililokuwa karibu na kiuno cha watu wengine. Alisema kwamba kama linahitajika, lipo. Wachache walicheka kwa pua. Révérien aliona mambo yanamponyoka mbele ya luteni, na akafanya kile wanachofanya wakubwa wakiona hivyo.

"Goti la shefu," alisema. "Langu."

Révérien alikuwa mfupi. Goti lake lilikuwa chini sana. Luteni alilipenda jibu hilo, lilikuwa na utaratibu, akaandika katika daftari kwamba kipimo ni goti la shefu wa mtaa, akapiga na mstari chini yake.

Wakakata. Mchaichai ulikwenda kwanza, harufu ikajaa kiwanjani kana kwamba mtu anawachemshia chai. Mubirizi ukafuata, kisha muravumba. Zubeda aliwaangalia mmoja mmoja. Huyu alikuja akikohoa damu ya uongo, kumbe ni mchuzi wa nyanya. Yule alikuja mara tatu kwa ugonjwa ule ule aliokuwa akiupata kwenye baa za Bwiza kila mwisho wa mwezi. Yule mwenye kibandiko cha Yesu kwenye shati hakuwa na usingizi tangu walipomchukua kaka yake, akanywa maji ya majani miezi minne, akalala. Hakuna aliyesema neno. Hakuna hata aliyemwangalia. Walikusanya matawi kwa mikono miwili, wakayakumbatia, wakatoka nayo kuelekea shimo la takataka mwisho wa barabara, kama amri ilivyotaka.

Iliuma. Miaka thelathini hakuna aliyemwambia asante, na yeye ndiye aliyewakataza, na hata hivyo siku hiyo alitamani mmoja tu aisahau sheria. Aliwaona ni watu wasio na shukrani, akawatukana kimoyomoyo kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa maneno machache ya Kifaransa aliyofundishwa na Amissi.

La Ujiji walilibakiza mwisho. Cirimwami alinyanyua panga, akasita, akamtazama shefu. Révérien alilitazama jani. Alikuwa amekaa ndani yake siku nne, na siku ya nne kwa mara ya kwanza alilala chali. Mdomo wake ukafunguka. Luteni akamuuliza kama kuna tatizo.

"Apana, Luteni," Révérien alisema.

Mdomo wa Zubeda nao ulifunguka. Neno lilikuwa hapo, juu ya ulimi, neno moja tu, na watu thelathini wa kulisikia, na Marguerite nyuma yake akiomba litoke. Zubeda alilimeza. Alimwambia Cirimwami akate kwa mshazari, asipasue shina, na sauti yake ilipasuka badala ya shina.

Alasiri ile ile koti la mvua lilipenya uchochoro. Révérien alimkuta Zubeda amekaa palepale, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba leo ni siku ya tano. Zubeda alimwonyesha kwa kidevu visiki vilivyobaki, havina hata jani moja.

"Umekata," alisema.

Shefu alifikiri. Akakumbuka shimo. Matawi yote yalielekea shimoni, aliyaona kwa macho yake, watu thelathini mikono imejaa. Akageuka, akaenda kwa haraka ambayo hali yake iliruhusu, magoti nje, mpaka mwisho wa barabara, akachungulia. Shimoni palikuwa na maganda ya ndizi, kiatu kimoja na kuku wa mtu. Jani hata moja halikuwemo.

Révérien hakuwa mjinga. Alisimama hapo juu ya shimo, akapiga hesabu ya kiserikali, akarudi na kugonga nyumba ya kwanza aliyoikuta, ambayo ni ya Cirimwami. Nyuma ya jiko, ndani ya dumu la mafuta lililokatwa nusu, matawi mawili ya la Ujiji yalikuwa yamechomekwa katika udongo uliolowa. Kando yake kulikuwa na muravumba katika sufuria iliyotoboka. Vyote vilikuwa vimepunguzwa vizuri kwa msumeno wa fundi, chini ya goti la shefu, kidole kimoja chini.

Cirimwami alitoa mikono yake mbele kama mtu anayetaka kufungwa pingu. Alisema amri ilikataza urefu, haikukataza kupanda. Révérien akamwambia kwamba hakuja kwa ajili hiyo, anaomba majani, kama arobaini. Cirimwami alishusha pumzi. Alisema arobaini yatauua, bado haujashika, lakini manne anaweza kutoa. Akajiweka sawa kumchumia, halafu mkono ukasimama hewani.

"Lazima uliambie kwanza, Shefu. Njo sheria ya Mama Zubeda."

Mkewe alikuwepo. Watoto walikuwepo. Mama mkwe wa Cirimwami, aliyekuja kutoka Uvira kwa wiki moja na kukaa mwaka, aliacha kusonga ugali ili asikie vizuri. Révérien aliinama juu ya dumu.

"Bawasiri," alinong'ona.

"Sauti kidogo, Shefu. Limetoka kukatwa, liko na mushituko."

"Bawasiri," alisema shefu wa mtaa.

Mama mkwe alirudi kwenye ugali wake akiwa na uso wa mtu aliyelipwa. Cirimwami alichuma majani manne kwa mikono yake mikubwa, akayatoa bila kutabasamu, jambo lililomgharimu sana.

Nne kwa nyumba, basi nyumba kumi. Katika kila nyumba matawi yalikuwepo, ndani ya makopo ya maziwa, ndani ya beseni la kuogeshea mtoto, ndani ya kofia ya chuma ambayo hakuna aliyetaka kueleza ilipatikanaje. Na katika kila nyumba sheria ilifuatwa. Kufikia nyumba ya tano watu walikuwa wanamsubiri mlangoni. Nyumba ya saba walimtolea kiti, kwa heshima, wakambembeleza akae. Marguerite alimfuata kwa umbali wa adabu, yaani hatua tatu. Nyumba ya nane Révérien alikuwa amezoea, akilitaja neno kabla hajaulizwa, kama vile mtu anavyotaja jina lake kwenye barieri ya wanajeshi. Na nyumba ya tisa mzee muuza mkaa, aliyekuwa haongei na shefu tangu mauaji ya tisini na tatu kwa sababu ambazo wote wawili walizijua, alichuma majani manne, akaongeza la tano.

"Na mi pia," alisema. "Tangu ule mwaka."

Hapo watu walicheka. Walicheka wale wa upande huu na wale wa upande ule, kwenye barabara moja, kwa jambo moja, na ilikuwa zamani sana hawajafanya hivyo. Révérien alijaribu kukasirika. Akashindwa, akacheka, na kucheka kukamuuma pale pale, akashika ukuta.

Alirudi kwa Zubeda akiwa na majani arobaini na moja ndani ya koti la mvua. Zubeda alidhani ameyaiba mahali. Alipomweleza, hakumwamini, akatoka mwenyewe kuangalia, shela mkononi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Alipita nyumba kwa nyumba. Mubirizi wake ulikuwa kwa katekista, chini ya picha ya Bikira Maria, ndani ya ndoo isiyo na mkono. Muravumba ulikuwa kwa yule asiyekuwa na usingizi, sita katika mstari, kila mmoja na kijiti chake cha kuushikilia. Mchaichai ulikuwa kila mahali. Watu walisimama milangoni wakimtazama anavyotazama, na hakuna aliyesema neno, na sasa alielewa kwa nini walikuwa wamenyamaza asubuhi ile. Walikuwa wameishika sheria. Walikuwa wameishika miaka thelathini, na leo walipokuwa wakibeba matawi yake mbele ya luteni waliikaza midomo asante isiwaponyoke, dawa isije ikafa mikononi mwao. Alitaka kuwaambia neno hilo hilo. Hakuweza, maana sheria ilimfunga na yeye. Akalia palepale barabarani, mama mzima, bila hata kujifunika uso. Kisha akaona kwamba muuza mkaa amechomeka la Ujiji kichwa chini miguu juu, akaingia kiwanjani kwake akamgombeza mpaka jua likakaribia kuzama.

Révérien alianza upya siku ya kwanza, kwa kuwa maji ya siku ile yalichemshwa muda umeshapita. Zubeda hakumpunguzia hata saa moja. Akazimaliza saba, kwa majani yale yale yaliyochemshwa tena na tena.

Mvua zilipoanza kunyesha mwezi wa kumi, visiki vilichipua. Majirani nao walianza kupita uchochoroni mmoja mmoja, kila mtu na kijiti chenye mizizi ndani ya kitambaa kilicholowa, akichomeka ardhini na kuondoka bila kuaga, kama wezi wanaorudisha mali. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja la Ujiji lilikuwa limepita goti la mtu yeyote isipokuwa la Cirimwami, na ndipo luteni aliporudi na daftari lake kukagua.

Wote walikuwepo tena, safari hii bila mapanga. Luteni alizunguka bustani, akasimama mbele ya la Ujiji, akalipima kwa macho. Alisema hili limezidi. Alifungua daftari akasoma kwa sauti kwamba kipimo ni goti la shefu wa mtaa, akamgeukia Révérien kwa adabu, akamwomba asogee karibu na mmea ili walinganishe.

Révérien alisogea. Alimtazama Zubeda, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Kisha akaomba benchi.

Watu wakasogea kupisha. Marguerite alikimbia kulileta, benchi lile refu la Cirimwami, la mbao ngumu, lisilo na mto wala kitambaa. Akaliweka kando ya mmea. Shefu alikunja shati lake nyuma, akajishusha, akakaa. Alikaa kitako chote, bila kuegemea upande, mbele ya luteni na mtaa mzima, na watu waliokuwa wamesahau sura yake akiwa amekaa walimwona tena. Halafu akanyanyua mguu wa kulia, akauweka juu ya wa kushoto, na goti likapanda mpaka likasimama sawasawa na ncha ya jani la juu kabisa.

"Goti la shefu liko hapa," alisema. "Andika."

Luteni aliangalia goti. Aliangalia jani. Aliangalia mstari aliouchora mwenyewe chini ya maneno yake. Akaandika, akafunga daftari, akatoka, na mlangoni alimuuliza Marguerite kwa sauti ya chini kama kuna jani la kuwashwa miguu.

Zubeda alibaki kwenye kigoda. Révérien alibaki kwenye benchi. Walitazamana, na uso wa shefu ulikuwa umejaa shukrani, akafungua mdomo. Zubeda akanyanyua kidole kimoja. Shefu akaufunga mdomo, akaendelea kukaa.